Kadi Namba Kumi na Tisa

Watu wengine wakikutana nawe huuliza habari za asubuhi. Bwana Afya aliuliza kama umenawa. Hakujali uko wapi wala una shughuli gani. Niliwahi kumwona msibani, watu wamejiinamia, mfiwa ananyoosha mkono apokee pole, na yeye kabla ya kuushika akamnong'oneza, "Umenawa, mama?" Mama wa watu akasema amenawa. Ndipo akampa pole, na ilikuwa pole ya kweli, maana alikaa pale mkekani mpaka jioni wakati sisi wengine tulishaondoka.

Mimi ni mwanamke wa Tanga. Mwaka 2012 nilipangiwa kufundisha Kibondo, nikapata chumba na sebule katika nyumba iliyopakana na yake. Siku ya kwanza, sijafungua hata sanduku, nikasikia hodi. Nikafurahi, nikasema jirani amekuja kunikaribisha. Alisimama mlangoni, mrefu mpaka kichwa kinagusa fremu, miwani imefungwa kwa uzi, kalamu tatu kifuani.

"Karibu Kibondo, Mwalimu," akasema. "Choo chako umekiona?"

Nikamwambia bado.

"Basi twende tukakione pamoja."

Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa Kigoma. Tulikwenda, tukakiona, akapima shimo kwa utepe wake, akakagua mfuniko, akanielekeza pa kutundika kibuyu chirizi. Sikuwahi kukiona kitu hicho. Kilikuwa kidumu cha mafuta cha lita tano, kimetobolewa karibu na shingo, kinaning'inia kwenye mti, na chini kuna kijiti chenye kamba. Ukikanyaga kijiti, kidumu kinainama na maji yanachirizika mikononi bila wewe kukishika. Alinifungia siku ile ile, na kwa miaka mitatu niliyokaa pale alikuja kila Jumamosi kuhakikisha sijakigeuza cha kuwekea mafuta ya taa.

Kila mtu alimwita Bwana Afya, wakubwa wa ofisini na watoto wa chekechea, na mimi nikimkumbuka namkumbuka kwa jina hilo. Alikuwa ametoka Dodoma zamani sana, kijana, na Kigoma ikammeza. Mkewe alikuja mara moja kumtembelea, akakuta mvua ya wiki nzima, akarudi Dodoma na basi lile lile lililomleta. Hawakuachana. Walipigiana simu kila Jumapili, na najua walichozungumza kwa sababu ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Alimuuliza kama watoto wamenawa. Watoto wenyewe walishaoa.

Kazi yake, kwa jinsi alivyoielewa, ilikuwa kukataza. Alikuwa na kopo la rangi nyekundu na brashi, na popote alipoona hatari alipigilia kibao. Marufuku kutema mate. Marufuku kuuza uji bila mfuniko. Marufuku kumwachia mbuzi alambe vyombo. Kila kibao aliandika jina chini, Bwana Afya, ili mtu asije akadhani katazo limetoka kwa mwingine.

Wauza nyama waliijua sauti ya pikipiki yake toka mbali. Kuna mmoja pale sokoni, siku moja aliisikia akiwa na nyama tupu mezani, akakimbia kwake, akarudi na chandarua cha kitandani na kuifunika nyama yote. Bwana Afya akashuka, akakizunguka kile chandarua taratibu, akakigusa kwa kidole. Akauliza kwa upole kabisa, "Na mkeo usiku analala na nini?"

Yule bwana akaanza kukusanya visu vyake. Bucha ilifungwa siku tatu. Lakini jioni ile ile Bwana Afya alikwenda kwake na nyundo na misumari, akakifua chandarua kwa mikono yake, akakitundika upya kitandani. Ukimchukia mtu wa namna hiyo, unamchukia nusu tu.

Na usidhani yeye mwenyewe alikuwa malaika. Choo chake hakikuwa na mlango. Kilikuwa na gunia. "Mlango nimeagiza," alisema mwaka 2012, akasema hivyo hivyo mwaka 2014. Siku nyingine nilimfumania nyuma ya shule yetu, amechuchumaa kando ya mtaro, anatafuna hindi la kuchoma la yule mama aliyekuwa amemkataza kuuza asubuhi. Akanitazama, punje zimejaa mdomoni. "Moto umeua vyote, Mwalimu," akasema. Nikamuuliza kama amenawa. Kwa siku mbili alipita kwangu bila kubisha hodi.

Mwaka 2013 ofisini kwao akaletwa mkubwa mpya, kijana wa shahada, mpole, hana neno na mtu, umri wa mtoto wake wa kwanza. Pikipiki ikaenda kwa kijana, kwa kuwa ilikuwa moja na mkubwa ni mkubwa. Bwana Afya akaambiwa akae ofisini asubiri maelekezo. Akasubiri. Maelekezo hayakuja mwezi wa kwanza, wala wa pili. Alichonga penseli zote za ofisi, kisha akaja kuomba za shule.

Alichokataa kurudisha ni helmeti. Alisema pikipiki ni ya serikali, lakini helmeti ni yake. Basi akawa anaivaa akitembea kwa miguu. Ungemwona anapanda mlima wa hospitali, jua kali, helmeti nyekundu kichwani, kioo ameshusha kwa sababu ya vumbi. Watoto wangu wa darasa la tatu walikuwa wakimwona wanamfuata nyuma wakinguruma kwa midomo kumsaidia injini, na akifika kona wanampigia honi.

Nilicheka na mimi, sitadanganya. Lakini jioni moja nilimkuta amekaa kizingitini kwake, helmeti kichwani, anatazama pale pikipiki ilipokuwa ikilala, penye doa la oili. Alikuwa na miaka hamsini na moja.

"Umenawa, Mwalimu?" akauliza bila kugeuka.

"Nimenawa."

"Vizuri. Siku hizi nakuuliza wewe tu."

Nilirudi ndani na chai ikanishinda.

Sasa niseme habari ya wokovu wake, na nitaisema kama alivyokuwa akiisema yeye, bila kupunguza sauti, kwa mtu yeyote, hata kwa mwalimu mkuu wangu tukiwa kwenye foleni ya dawa. "Bwana alinikuta chooni." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Ukitaka mengine ulilazimika kuuliza.

Ilikuwa Kumsenga, kijiji nje ya mji. Kule kuna kanisa la walokole, la tofali za kuchoma, na nyuma yake choo. Bwana Afya alikwenda kukikagua siku ya Jumapili. Hakuna aliyemtuma, wala Jumapili si siku ya kazi, lakini aliamini kwamba choo hukaguliwa kikiwa kazini, na choo cha kanisa kina siku moja tu ya kazi. Akaingia na utepe wake. Spika ya kanisa ilikuwa imefungwa kwenye nguzo karibu na choo, kwa hiyo mahubiri aliyasikia kuliko hata waliokuwa ndani. Mchungaji alikuwa akihubiri habari ya wale vibarua waliosimama sokoni kutwa nzima bila kazi, si kwa uvivu, ila hakuna aliyewaita. Jua linakaribia kuzama, mwenye shamba anapita, anawaambia nendeni na nyinyi.

"Nilikuwa nimeinama napima tundu," aliniambia. "Nikasimama. Mwalimu, yule mtu alikuwa ananisema mimi."

Akatoka chooni, helmeti kichwani, utepe unaburuta nyuma, akaingia kanisani kwa mlango wa mbele. Na hapo lazima ujue jambo moja ambalo yeye wakati ule alikuwa hajui: kanisa lile lilikuwa likimwogopa kuliko Shetani. Chini ya kanisa kuna kijito, na kwenye kijito kuna kibao chake. Hatari. Mto huu una kichocho. Marufuku kuoga, kufua na kuingia kwa sababu yoyote. Bwana Afya. Sasa walokole wa pale hubatiza kwa kuzamisha mtu mzima mzima, tena mtoni, na kile kibao kilikuwa kimesema kwa sababu yoyote. Watu wa Kumsenga walikuwa wamemsikia Bwana Afya miaka mingi akieleza jinsi mdudu wa kichocho anavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu, na walikuwa wamemwamini. Hakuna aliyekuwa tayari kukanyaga yale maji. Miaka miwili kanisa halikuwa limebatiza hata mtu mmoja. Watu kumi na wanane walikuwa wakingoja, akiwemo bibi mmoja mzee aliyekuwa akilalamika kila ibada kwamba atakufa mkavu.

Basi Mchungaji alipoona helmeti mlangoni na utepe mkononi, alijua moja kwa moja kwamba kanisa linafungwa. Akanyamazisha kwaya. Bwana Afya akaja mpaka mbele, akapiga magoti. Wazee wa kanisa wakasogea pembeni kumpisha, wakidhani anapima sakafu. Ikapita muda kidogo kabla mtu hajagundua kwamba analia ndani ya helmeti.

Mchungaji yule nilikuja kumfahamu. Mha wa pale pale Kumsenga, mfupi, mwenye kucheka kabla hajamaliza anachosema. "Mwalimu, Imana ishimwe, Mungu asifiwe," aliniambia. "Miaka miwili nilikuwa namwomba Imana amhamishe huyu mtu. Kosa langu, sikutaja ahamishiwe wapi."

Toka siku ile Bwana Afya akabadilika na hakubadilika. Bado alikuuliza kama umenawa. Lakini alikuwa akilala mapema, anaamka anaimba, vibaya sana, na Jumapili anatembea mpaka Kumsenga au anaomba lifti. Helmeti alikuwa akiivua mlangoni mwa kanisa, kwa kuwa mwanaume hafuniki kichwa ndani, na ndipo watu walipojua ana upara. Ofisini maelekezo bado hayakuja, na akaacha kuyauliza.

Mchungaji alimpa mwezi mmoja wa kuzoea, kisha akamwita pembeni. "Ndugu yangu, sasa wewe ni wa kwetu. Kile kibao?"

"Kibao kinabaki," akasema Bwana Afya.

"Yewe, ndugu! Nina watu kumi na wanane. Na wewe mwenyewe wa kumi na tisa. Utabatizwa wapi?"

"Mimi nimeokoka, Mchungaji. Konokono hawajaokoka."

Likawa jambo kubwa. Wapo wazee waliosema imani yake ni ndogo, kwamba anayeingia majini kwa jina la Bwana hawezi kupenywa na mdudu. Akawajibu kwa neno lake la siku zote, "Mdudu hana dini." Wakamwambia basi waende mto mwingine. Alikuwa ameweka vibao kwenye mito yote mitatu. Akashauri wabatizwe ndani ya pipa kwa maji yaliyochemshwa. Mchungaji akauliza bibi mzee ataingiaje kwenye pipa, na akishaingia nani atamtoa.

Wakati huo ndipo aliponijia mimi na daftari. Ilikuwa alasiri, natia udhu uani. Akanisubiri nimalize, maana adabu alikuwa nayo.

"Mwalimu, nyinyi Waislamu maji yakikosekana mnafanyaje?"

Nikamweleza kwamba tunatayamamu, unapiga viganja kwenye udongo safi, unapaka uso na mikono. Uso wake ukabadilika rangi.

"Udongo? Una minyoo ya safura, Mwalimu!"

"Udongo safi," nikamwambia.

"Nani ameupima?"

Alifunga daftari, akaenda zake akitikisa kichwa, na wiki nzima alinitazama kwa huruma ya mtu anayejua siku yangu ya kufa. Lakini siku ile, kabla hajafika langoni kwake, alirudi akasema kitu ambacho sikukitegemea. Alisema, "Nimewakataza watu miaka ishirini na sita. Sijawahi kuwapa kitu badala yake." Akachezea kalamu zake, kisha akaingia kwake.

Kesho yake alianza kuchimba.

Aliomba likizo ofisini, wakampa bila kuuliza anakwenda wapi. Juu ya kanisa, upande wa mlima, kuna chemchemi. Akapima mteremko, akachora, akavua shati. Sijui kama unamwona, mtu wa miaka hamsini na mbili, mrefu, hajawahi kushika jembe toka chuo, helmeti kichwani kwa sababu ya mawe. Siku ya kwanza walikuja kumtazama. Siku ya pili yule bibi mzee alikuja na jembe lake, akasema hawezi kukaa anangoja kufa mkavu na jembe analo. Siku ya tatu wakaja wote kumi na wanane. Wanawake walibeba mchanga na mawe, kuna aliyetoa saruji iliyobaki kwenye nyumba yake. Miezi minne ikapita, masika ikabomoa upande mmoja, wakajenga upya. Na ofisini yule kijana mkubwa akapata habari, akaja siku moja na pikipiki, akaangalia, akaondoka, akarudi na bomba.

Nikaalikwa ubatizo. "Njoo ushuhudie, Mwalimu," alisema, "huna haja ya kuamini, uwe na macho tu." Nikavaa baibui langu zuri, nikaenda.

Bwawa lilikuwa la saruji, ngazi za kushukia, mkono wa chuma wa kushikia, wavu juu kuzuia mbu. Maji yalikuwa yamejazwa Ijumaa na kuachwa siku mbili, kwa sababu, alieleza, mdudu wa kichocho asipompata mtu kwa siku mbili anakufa. Kando kulikuwa na sabuni na mabeseni mawili ya kuoshea miguu. Na kila anayebatizwa alipewa kadi ya manila yenye namba, kama za kliniki, kwa wino wa bluu wa mkono wake. Mchungaji mwenyewe alirudishwa mara mbili kuosha miguu. Mara ya pili alikuwa ameshashuka ngazi moja akiimba.

"Namba moja!" akaita Bwana Afya.

Bibi mzee akashuka akiwa amemshika yeye mkono. Akazamishwa, akaibuka akipiga vigelegele, "Nimelowa, yemwe, nimelowa!" Watu wakacheka na kulia. Nami nilijikuta nafuta macho kwa ncha ya mtandio, mimi ambaye nilikuja kutazama tu. Namba mbili, namba tatu. Kila mmoja alimshusha ngazi kwa mkono, akampokea anapotoka, akamfunika khanga. Mpaka kumi na nane.

Mchungaji akabaki majini peke yake, mikono ameifungua, anamtazama Bwana Afya. Kwaya ikasita. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikaiona ncha ya kadi mfukoni mwa shati lake, nyuma ya kalamu. Kumi na tisa.

Bwana Afya akayatazama maji.

"Wameshaingia watu kumi na wanane," akasema. "Haya maji yameshachafuka. Yabadilishwe."

Akainama akavuta mnyororo wa kizibo. Maji yakaanza kushuka, yakifanya sauti, na Mchungaji amesimama katikati, yanampita kiunoni, magotini, kwenye vifundo, bado mikono imefunguka. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Huyo ndiye Bwana Afya wao. Mimi nami ningecheka, lakini nilimwona akiisukuma ile kadi chini kabisa mfukoni kwa kidole gumba.

Tulipokuwa benchini tukisubiri gari la kurudi Kibondo, nikamwambia nimeiona kadi.

Akaipangusa helmeti yake vumbi. Halafu akasema, "Naogopa maji, Mwalimu."

"Unaogopa wadudu."

"Wadudu nawajua kwa majina. Naogopa maji. Sijawahi kuzamisha kichwa maisha yangu. Naoga kwa kopo. Usoni napitisha kitambaa."

Nikamwambia amweleze Mchungaji, yule ni mtu mwema, ataelewa.

"Yeye ataelewa. Na wengine? Nimewafukuza mtoni miaka yote hii. Wakisikia nilikuwa mwoga wa maji, watasema kichocho nilikitunga. Watarudi kuoga kule chini, na watoto wao watakojoa damu." Akaivaa helmeti yake. "Na nataka kubatizwa kuliko kitu chochote. Ndivyo ilivyo."

Gari likaja.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu kumtazama. Maji yalibadilishwa, wengine wakabatizwa, yeye kila mara akapata la kusimamia. Kanisani kwao asiyebatizwa hashiriki Meza ya Bwana. Zamani walinywea kikombe kimoja wote, yeye akawaletea vikombe vidogo, akawa anavichemsha mwenyewe Jumamosi, anavipanga kwenye sinia. Jumapili sinia likipita anakaa benchi la nyuma na watoto na wageni, analipokea, anavikagua kama ni safi, anampa wa pembeni. Yeye hanywi. Alinieleza hayo kwa kawaida kabisa, siku moja akikagua kidumu changu, na nilitamani kumkumbatia ila asingekubali kabla sijanawa.

Kisha nikahamishwa Kasulu, na tukapotezana.

Mwaka 2015 wakimbizi walikuja kwa wingi kutoka Burundi, wakaongezwa juu ya Wakongo waliokuwapo kambini Nyarugusu toka zamani, na mji mzima wa Kasulu ukawa unazungumza habari moja tu, kipindupindu. Jumamosi moja niliingia mgahawa karibu na soko kula. Mlangoni kulikuwa na kidumu kinaning'inia, kimetobolewa karibu na shingo, chini kijiti na kamba. Nikajua kabla sijainua macho.

Alikuwa kwenye kona, upara wazi, ugali wa muhogo na samaki mgebuka mbele yake, amekonda na kuungua na jua. Nikamuuliza helmeti iko wapi.

"Nilimwachia yule kijana wa ofisini. Anaendesha vibaya."

Nilikaa naye, nikaagiza kama chake. Akanihadithia jinsi kijana alivyosimama kwenye kikao, wakitafutwa watu wa kwenda kambini, akasema anayejua vyoo mkoa huu ni mmoja tu na yupo ofisini kwake anachonga penseli. Hivi sasa anachimba, anafundisha kuchimba, anatundika vidumu. Hakuna kibao hata kimoja alichoandika tangu afike. Alikuwa akisema huku anakula, na macho yanang'aa. Katikati ya maneno mama mmoja wa Kikongo, muuza vitenge, akasimama dirishani na mzigo kichwani.

"Papa Choo! Ya kwetu imeisha kujaa, deja! Utakuya lini?"

"Kesho asubuhi, mama. Umenawa?"

"Weye, Papa! Kila siku!"

Akaenda zake anacheka. Nilimega ugali, nikachovya, nikala, na nilipoona hatasema mwenyewe nikamuuliza moja kwa moja. "Na bwawa?"

Akajifuta mikono vizuri. Akatoa mfukoni kipande cha nailoni kilichokunjwa, akakikunjua. Ndani mlikuwa na kadi ya manila, imejikunja na kuvimba, wino wa bluu umesambaa wote. Namba haikusomeka tena.

"Niliambiwa niende kambini," akasema. "Nikaona siwezi kwenda kuwaambia watu wasiogope sindano, wasiogope dawa, wasiogope choo kipya, na mimi nimekimbia maji yangu mwenyewe. Nikaenda Kumsenga. Nikawaita wote kumi na wanane, nikawaambia kichocho ni kweli, na mimi ni mwoga, na hayo ni mambo mawili. Nikajaza bwawa. Siku mbili nililizunguka, Mwalimu, namwomba Mungu anionyeshe konokono mmoja tu nipate sababu. Hakuna hata mmoja. Nilikuwa nimelijenga vizuri mno."

"Halafu?"

"Yule bibi akasimama ngazini. Akaniita namba yangu. Kumbe na yeye aliiona siku ile." Akatazama kadi. "Wote wakashuka majini na nguo zao, wakanishika. Kumi na wanane. Bila kuosha miguu."

"Na wewe ukawaachia?"

"Nilikuwa nimefumba macho."

Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja, mbele za watu, mwalimu mzima. Nikanyoosha mkono niishike ile kadi. Akaivuta haraka kifuani, akatazama vidole vyangu vyenye mchuzi.

"Umenawa?"

Nikainuka, nikaenda mlangoni, nikakanyaga kijiti, nikanawa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Kisha nikarudi, akanipa.